Mwambani, wimbi linapogeuka

Kome anapong'olewa mwambani na wimbi, mara nyingi hafiki mbali. Katika mianya ya miamba ya pwani ya jimbo la Washington, Marekani, anemoni wakubwa wa kijani humsubiri chini, minyiri wazi. Maji yakipwa, anemoni walioachwa nje hujikunja wakabaki mafundo ya utelezi na mchanga. Uzuri wao huonekana bahari ikijaa, penye mawimbi, na huko mpiga picha hana budi kuzamia.

Wimbi humsukuma mwambani, kisha humvuta nyuma. Wajuzi hawashindani nalo. Huuachia mwili uende na maji, na hubonyeza kamera wimbi linapogeuka, maana kwa nukta hiyo kila kitu hutulia. Wekundu hupotea mita chache tu kutoka juu, kwa hiyo taa ni lazima. Nazo hutanuliwa kushoto na kulia, mbali na lenzi, la sivyo kila chembe iliyomo majini hung'aa na picha ikajaa madoa meupe.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya kiti cha pweza akila. Amejikunja juu ya kome kama nundu, mamia ya miguu yake midogo imenata kwenye gamba na inavuta. Ufa mwembamba ukipatikana, hulitoa tumbo lake nje, akalipenyeza humo na kummeng'enya kome ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ulaji huo ndio unaowapa wengine nafasi. Kuanzia 1963, mwanaekolojia Robert Paine aliwabandua viti vya pweza kwenye kipande cha mwamba huko Makah Bay, kwenye pwani hiyo hiyo, na kuwatupa baharini. Kome wakatanda, na aina 15 za viumbe alizokuwa akizihesabu zikapungua hadi 8.

Mwaka 2013 viti vya pweza wenyewe wakazukiwa na ugonjwa ulioenea kutoka Alaska hadi Meksiko: mikono ilikatika, miili ikayeyuka. Kiti cha pweza wa alizeti, mwenye mikono inayofika 24, alipoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yake. Wanasayansi walimtaja msababishi 2025, bakteria Vibrio pectenicida. Kwa miamba mingi, picha za wazamiaji zilizopigwa kabla ya ugonjwa huo ni ushahidi wa thamani kubwa wa hali ilivyokuwa, hata zile zenye ukungu. Leo maabara ya Friday Harbor, jimboni Washington, inawalea viti vya pweza wa alizeti tangu wakiwa viluwiluwi, na mzamiaji anayemkuta mmoja baharini huombwa aandike mahali, tarehe na kina.