Mzuka, Mzimu na Ngoma: Simulizi ya Mfungwa wa Ngome ya Kabete

Hadithi za wafu warudio katika ngome na magereza ya kifalme zimeenea mahali pengi. Mashuhuri miongoni mwazo ni ya Anne Boleyn, malkia aliyekatwa kichwa katika ngome ya London mwaka 1536, ambaye husemekana huonekana humo usiku. Kwa Kiswahili mfu wa namna hii ni mzuka, jina linalohusiana na kitenzi kuzuka: atokea ghafla, tena mahali alipofia.

Je, neno hilo lafaa kwa simulizi ya Fort Smith, ngome iliyokuwa Kabete, mwendo mfupi kutoka Uthiru? Ilijengwa mwaka 1891 na kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati na Malkia Victoria mwaka 1888. Mwezi Agosti 1892 kiongozi wa Wagikuyu, Waiyaki wa Hinga, alijeruhiwa kichwani na kufungwa humo. Akiwa anapelekwa pwani, alifia Kibwezi. Masimulizi ya Wagikuyu hushikilia kwamba alizikwa huko angali hai, kichwa chini, miguu juu.

Katika umbo lake lijulikanalo sana, simulizi hii haina mzuka. Kiini chake ni namna ya maziko. Kwa desturi ya kale ya Wagikuyu watu wengi hawakuzikwa. Kaburi lilikuwa heshima ya mzee mwenye mali na watoto. Kumfukia mzee kichwa chini ni kuigeuza heshima hiyo kuwa tusi.

Wafu hao Kigikuyu huwaita ngoma, neno lisilochanganywa na ngoma ya Kiswahili ichezwayo. Katika kitabu chake cha mwaka 1938, Jomo Kenyatta aliwagawa katika makundi matatu: wa wazazi, wa ukoo na wa rika. Kila kundi latambulishwa kwa uhusiano wake na walio hai, si kwa mahali linapotokea. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu ni mzimu, kwani mzimu una wenyewe na hutambikiwa, hali mzuka hauna jamaa.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mkusanyaji aulizaye kama ngome ilikuwa na mizuka aweza kujibiwa kuwa haikuwa nayo, akafunga daftari lake. Dai la ardhi na haki, ambalo simulizi imelibeba tangu 1892, litakuwa limempita kwa sababu ya neno moja.