Kabla hujatuma hela ya plau, omba picha ya nyuma ya trekta

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alituandikia mwezi uliopita. Alikuwa ameshanunua trekta dogo la Kijapani, mtumba, farasi 25, akalituma nyumbani kwa mdogo wake. Likafika salama. Kisha mdogo wake akampigia: "Dada, kuna plau ya diski tatu inauzwa bei ya kutupa, tuma hela haraka." Akatuma. Ilipofungwa, trekta likainua magurudumu ya mbele badala ya kuinua plau. Leo plau iko chini ya mwembe, na aliyemuuzia hataki kuirudisha.

Sisi ni watu wa hesabu, si mafundi. Lakini tumeona hela nyingi za wenzetu zikipotea hapo hapo: si kwenye trekta, ni kwenye vifaa vya kufunga nyuma. Trekta bila kifaa ni pikipiki ya gharama kubwa. Kwa hiyo tumekaa na mafundi, na haya ndiyo ya kuuliza kabla hujaenda dukani kutuma hela.

Pini zinaingiana?

Nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya chini, inayoinuliwa na haidroliki, na mkono mmoja wa juu. Kifaa hushikwa kwenye pointi hizo tatu. Matrekta madogo mengi hutumia Kategoria 1: pini za chini zina unene wa milimita 22 na ya juu 19. Matrekta makubwa hutumia Kategoria 2: 28 chini na 25 juu, na mikono imeachana zaidi. Plau ya yule dada ilikuwa ya Kategoria 2. Fundi anaweza kuchomelea pini nyingine, sawa, lakini uzito wa kifaa haupungui kwa kuchomelea.

Angalizo kwa mitumba ya Japani: mengi yalifanya kazi kwenye mashamba ya mpunga, na rotaveta yake imefungwa kwa mtindo wa huko. Ukiitoa, huenda usipate mikono ya kawaida ya kufunga plau. Uliza kabla.

Haidroliki inainua kilo ngapi?

Kila trekta lina kikomo chake, kimeandikwa kwenye kitabu chake. Tena kilo zile hupungua kadiri uzito unavyokaa mbali na mikono. Kifaa kirefu kinalemea kuliko kifupi cha uzito ule ule, kama ndoo ya zege ukiinyoosha mbali na kifua. Ndugu zetu wa saiti mnalijua hilo. Omba uzito wa kifaa kwa kilo. Muuzaji akisema "si mzito sana", hilo si jibu.

Injini inaweza kukivuta?

Plau ya diski tatu ni kazi ya trekta la farasi 60 au 70 hivi, yale tunayoyaona yakilima kwa kukodishwa vijijini. Kwa farasi 25, fikiria plau ndogo ya majembe mawili, haro nyepesi, au rotaveta ya upana wa mita 1.2 hivi. Rotaveta ni nzuri kwenye udongo laini na mabonde ya mpunga. Kwenye visiki na mawe itakula visu, na visu ni hela.

Rotaveta huzungushwa na shafti ya PTO, kwa kawaida mizunguko 540 kwa dakika. Hiyo ni mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika khanga au mkono wa shati, hakuna wa kukuokoa. Usinunue shafti isiyo na kava lake, hata kama bei imepungua.

Tela je?

Tela la kumwaga lenyewe linahitaji tundu la mpira wa haidroliki nyuma ya trekta. Matrekta madogo mengine hayana. Tela la kawaida halihitaji, na kwa maoni yetu ndilo la kununua mapema. Tuonyeshe kwa hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kijijini kwako.

Tuseme trekta na vifaa vimekula shilingi 18,000,000. Kulima ekari ni 60,000. Ukitoa dizeli, dereva na matengenezo, unabaki na 20,000. Ekari 3 kwa siku, siku 40 za msimu, ni 2,400,000 kwa mwaka. Hela yako itarudi baada ya miaka saba na nusu! Sasa ongeza tela: mchanga, matofali, mavuno. Safari 2 kwa siku, kila moja ikibakiza 10,000, kwa siku 100, ni 2,000,000 nyingine. Miaka saba na nusu imekuwa minne na ushei. Msimu wa kulima ni mfupi, lakini watu wanajenga mwaka mzima.

Kabla ya kutuma

Omba picha nne kwenye WhatsApp: mikono ya nyuma ikiwa na futi ya kupimia, pini, shafti ya PTO, na matundu ya haidroliki. Omba picha kama hizo za kifaa. Mpelekee fundi asiyelipwa na muuzaji. Mlipe fundi huyo chochote, ni nafuu kuliko plau ya chini ya mwembe.

Lipa kwa awamu: nusu sasa, nusu kifaa kikishafungwa na kuinuliwa, nawe ukiangalia kwa video. Risiti iandikwe jina lako. Mdogo wako si mwizi, lakini anaharakishwa na muuzaji, na wewe uko mbali.

Yule dada tumemshauri auze plau kwa hasara ndogo kuliko kuendelea kuitazama. Amepata mteja mwenye trekta kubwa. Hela itakayopatikana, anasema, ni ya tela.