Gari Lenye Dhamana Lirudipo Gereji Mara ya Sita

Na karani wa ofisi ya kilimo, Hola

Katika mashamba ya umwagiliaji ya hapa Hola wako wakulima waliojiunga pamoja wakanunua pikapu ya dizeli, ili matikiti maji, maembe na ndizi zao zifike sokoni bila kungoja lori la mtu mwingine. Ni jambo jema sana. Lakini gari jipya nalo lina taabu zake, na taabu moja ndiyo nitakayowaeleza wasomaji mwezi huu: ni ile ya gari ambalo bado lina dhamana ya kampuni, yaani waranti, nalo hupelekwa gereji kwa ubovu, likarudishwa, na baada ya majuma machache likapatwa na ubovu ule ule.

Kikundi ninachokisimulia kina watu 14. Nami nimo, kwa ajili ya shamba la mama yangu. Tulinunua pikapu yetu mpya Mombasa mwezi wa Machi 2023, na cheti cha dhamana kilisema miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, likiwa na mzigo wa matikiti kwenda Malindi, gari liliishiwa na nguvu mbele kidogo ya Garsen. Taa ya manjano ya injini iliwaka, na dereva alipokanyaga mafuta gari halikuitika. Likajikokota kama punda mgonjwa. Akalizima, akakaa kivulini muda wa saa nzima, kisha akaliwasha. Likaenda kana kwamba halikupatwa na neno lolote.

Tangu siku hiyo hadi mwezi wa Juni 2024 tulilipeleka gereji ya wakala mara tano. Kutoka Hola hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na kila safari dereva alilala huko siku mbili au tatu, naye ale na alipe chumba. Mara ya kwanza waliandika kwamba wamelikagua wasione kosa. Mara ya pili walibadilisha filta ya dizeli. Mara ya tatu, mwezi wa Januari 2024, walisema wameona maji katika dizeli, kwa hiyo dhamana haihusiki, wakatutoza fedha. Mara ya nne walitia sensa mpya. Mara ya tano waliandika maneno haya: hakuna kosa, dereva ashauriwe namna ya kuendesha.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotaka kutuvunjia kikundi. Safari mbili matikiti yalikuwa yameoza njiani, na mtu aliyepoteza matikiti hutafuta wa kumlaumu aliye karibu. Mkutano ulipofanyika chini ya mwembe, wengine walisema dereva anauza dizeli ya gari na kutia maji mahali pake. Wengine walisema ana mguu mzito. Mama mmoja alitaka arudishiwe hisa yake siku hiyo hiyo. Dereva ni kijana wa hapa hapa, baba yake alikuwa na shamba katika mpango huu kabla yetu, naye alisimama pale asijibu neno.

Mzee mmoja wa kamati akaomba nafasi. Akatukumbusha mwaka 1989, mto Tana ulipoacha njia yake ukahama mbali na pampu, na mashamba ya Hola, ambayo yalianza kulimwa kwa mfereji mwaka 1953, yakakauka. Alisema siku zile za kwanza watu walimtukana fundi wa pampu kwamba amelala, na kumbe pampu ilikuwa nzima. Maji ndiyo yaliyohama. "Tusimfukuze mtu," akasema, "kabla hatujajua kilichohama ni nini."

Basi nikapewa zile karatasi za gereji nizisome. Nilisomea ualimu kabla ya kuajiriwa ofisini, na mwalimu ana ugonjwa mmoja: akipewa karatasi tano, atazitandaza mezani azisahihishe. Kila karatasi ina sehemu mbili, malalamiko ya mteja na kazi iliyofanywa. Nilipozisoma zile sehemu za malalamiko nilishangaa. Ya kwanza ilisema gari halina nguvu. Ya pili ilisema taa inawaka. Ya tatu, moshi. Ya nne, kelele na sevisi. Ya tano ilisema tu kwamba mteja analalamika. Dereva alikuwa amesema mambo yale yale mara zote tano, lakini alisema kwa mdomo, na karani wa gereji akaandika lile neno moja aliloshika. Kwa hiyo kwa macho ya kampuni hatukuwa na ubovu mmoja uliorudi mara tano. Tulikuwa na magonjwa matano mbalimbali, na kila moja lilikwisha kutibiwa.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu, na nimeliona pia kwa watu wengine waliokuja ofisini kuniomba niwaandikie barua. Twadhani dhamana ni ahadi, na ahadi hudaiwa kwa mdomo. Dhamana hudaiwa kwa karatasi. Usitoke kaunta ya gereji kabla karani hajaandika maneno yako kama ulivyoyasema, wala usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Gari likirudi kwa ubovu wa kwanza, mwambie aandike "ubovu ule ule wa tarehe fulani, mara ya pili." Na hata kama hawakuona kitu, dai karatasi, wengi huondoka mikono mitupu kwa sababu hawakulipa chochote, na safari hiyo huwa kama haikufanyika.

Tulimnunulia dereva daftari. Kila gari liliposhikwa aliandika tarehe, saa, kilomita zilizosomeka, mahali, uzito wa mzigo, na jua lilikuwaje. Pia alipiga picha ya dashibodi kwa simu, taa ikiwa inawaka na kilomita zikionekana. Baada ya majuma sita daftari ilisema jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyelifikiri: gari halikushikwa hata mara moja asubuhi, wala likiwa tupu. Lilishikwa kati ya saa sita na saa kumi mchana, na mzigo juu.

Yafaa nieleze kidogo kwa nini, maana fundi mmoja alinifafanulia nami nikamwelewa. Injini za dizeli za siku hizi si kama zile za zamani. Pampu husukuma dizeli kwa nguvu kubwa mno katika bomba moja, na nozeli huipuliza ndani ya injini kwa amri ya kompyuta. Pampu hiyo haina mafuta mengine ya kuilainisha ila dizeli yenyewe. Ikiisha kulika ndani, hata kwa unywele, dizeli baridi bado ni nzito kiasi cha kuziba mwanya. Lakini mchana dizeli ikipata moto huwa nyepesi, hupenya na kurudi nyuma, na nguvu katika bomba hushuka injini inapoihitaji zaidi. Kompyuta ikiona hivyo hulinyima gari nguvu ili injini isiharibike. Gari likipoa, hupona. Sasa fikirini: dereva huondoka Hola alfajiri, gari tupu, analala Mombasa, na fundi analijaribu saa mbili asubuhi kuzunguka mtaa. Ataona nini?

Na tulikuwa tumejiharibia ushahidi wenyewe. Fundi wa kando ya barabara alimfundisha dereva kwamba taa ya manjano huzimika ukilegeza waya wa betri. Ni kweli huzimika. Lakini katika magari mengi kompyuta huandika ndani yake namba ya kosa, na kulegeza betri huweza kuifuta. Dereva alikuwa akilisafisha gari kwa adabu kabla ya kulipeleka kwa daktari, kama mama anayemwosha mtoto homa ikamtoka, kisha akaambiwa mtoto hana homa.

Likabaki lile jambo la maji katika dizeli, nalo halikuwa uongo. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalipokata barabara tulinunua dizeli ya mapipa, kama kila mtu, na mapipa yale yalikuwa yamekaa mvuani. Kampuni ilikuwa na haki kukataa gharama za Januari, nasi hatukuzidai. Karibu kila dhamana huondoa uharibifu wa mafuta machafu, mzigo kupita kipimo, sevisi iliyorukwa, na kazi ya fundi wa nje aliyefungua mashine. Huondoa pia vitu vinavyolika kwa kawaida, kama filta, tairi na bitana za breki. Mkulima anayelazimika kununua dizeli ya pipa na aiache itulie usiku kucha, asiichote chini kabisa, aipitishe katika chujio, na asubuhi afungue kiskurubu cha chini ya filta, ikiwa gari lake lina kimoja, maji yatoke.

Lakini ubovu wetu ulianza Agosti, miezi mitatu kabla ya mafuriko. Tungelithibitishaje? Mama mweka hazina alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa risiti za vituo vya mafuta, na zile zilizopotea tulizipata katika taarifa ya M-Pesa. Tangu Machi hadi Oktoba kila lita ilitoka kituoni. Tuliziambatisha pamoja na karatasi ya gereji ya Agosti, iliyoandikwa na wao wenyewe. Mtu asiwacheke tena akina mama wanaoweka vikaratasi.

Barua niliiandika ukurasa mmoja tu. Nilitaja tarehe tano, maneno ya daftari, na ombi moja: fundi aliendeshe gari hili likiwa na mzigo, mchana, kompyuta ya kupimia ikiwa imeunganishwa, na dereva wetu akiwa ndani. Sikumtukana mtu. Nilitaja pia sheria, kwa upole. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema bidhaa iuzwayo na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe yafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimjulisha. Nayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 haikubali mkataba umnyang'anye mnunuzi haki hizo. Sheria zetu hazitaji idadi ya safari za gereji. Huko Marekani, jimbo la Connecticut lilitunga sheria mwaka 1982 kwamba gari jipya likitengenezwa mara nne kwa ubovu ule ule bila kupona, au likikaa gereji siku 30, mwenyewe aweza kudai jingine au fedha zake. Wao gari la namna hiyo huliita limau. Sisi twalitumia limau kwa samaki, lakini nimeona maana yao.

Mwezi wa Agosti 2024 gari lilikwenda mara ya sita, na magunia ya mahindi juu. Walipanda nalo kuelekea Mazeras saa nane mchana. Kabla ya kufika juu ya kilima gari lilishikwa, na fundi akaona katika kioo cha kompyuta yake namna nguvu ya dizeli ilivyoanguka. Dereva anasema fundi yule hakusema neno, alicheka tu, akageuza gari. Pampu na nozeli zote zilibadilishwa bila malipo, na tukapewa maandishi kwamba vipuri hivyo navyo vina dhamana. Na wengine wafanye vivyo hivyo, na waandike barua ya malalamiko kabla siku za dhamana hazijaisha, hata ikiwa gari halijapata nafasi ya kwenda Mombasa. Barabara ikikatwa kalenda haingoji.

Matikiti ni habari nyingine. Tulidai fidia ya safari mbili, kampuni ikakataa, ikatoa sevisi mbili bure. Baadhi yetu walitaka twende Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua katika siku 60. Bei ya pikapu mpya haiingii humo, bali hasara ya matikiti ingeingia. Tungeweza pia kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hulinda watumiaji. Tulipiga kura: 8 wakachagua sevisi, 6 mahakama. Mimi nilikuwa katika wale 6, na bado sijaridhika, kwa sababu anayekubali sevisi bure hajalipwa matikiti yake.

Dereva aliombwa radhi mkutanoni, na mama yule aliyetaka hisa yake ndiye aliyetangulia kusema. Kijana alikubali, akataka sharti moja: daftari isikae kwa katibu, ikae mikononi mwake. Ipo ndani ya gari, imefungwa kwa kipande cha tyubu juu ya kivuli cha jua, pamoja na kalamu mbili.