Tairi la theluji kwenye lami ya Dar es Salaam

Mwenye Altezza, Mark X au Impreza iliyotumika Japani, gari linalompeleka kazini siku za wiki na kumpa raha ya mwendo katika safari ya Morogoro, hufikia wakati ambapo hulazimika kuchagua kati ya tairi jipya la bei nafuu kutoka China na tairi la mtumba lenye jina kubwa. Kwa kuwa kiwanda cha matairi cha Arusha kilisimama zaidi ya miaka 10 iliyopita, yote mawili hutoka ng'ambo na hupanda bei pamoja na dola. Wengi huchagua mtumba, wakitazama kashata, yaani vinundu na mifereji ya uso wa tairi, bila kusoma maandishi ya ubavuni.

Afisa mmoja wa ukaguzi wa bidhaa, ambaye hakutaka kutajwa jina, anashikilia kwamba soko ni salama kwa sababu tairi ambalo kina cha kashata zake kimeshuka chini ya milimita 1.6 haliruhusiwi. Kipimo hicho ni halisi, na hutumika pia Ulaya na Japani, lakini tairi jipya la gari dogo huwa na milimita 8 hivi, kwa hiyo 1.6 ni moja ya tano tu ya kina cha awali. Ni mpaka wa kulitupa tairi wala si kiwango cha kulinunulia. Tena kina hakisemi lolote kuhusu umri wa mpira wala kazi ambayo tairi lilitengenezewa, na hapo ndipo hoja ya afisa huyo inapopwaya.

Mfanyabiashara mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, analalamika kwamba kila afunguapo shehena hukuta matairi ya theluji yamechanganywa na ya kawaida, na akiyatenga hupata hasara, ilhali jirani yake huyapaka rangi nyeusi na kuyauza. Lalamiko hilo lina msingi. Tairi la theluji la Kijapani, ambalo mara nyingi huandikwa STUDLESS ubavuni, lina alama inayoonyesha kwamba nusu ya kashata imekwisha na halifai tena kwa majira ya baridi, kwa hiyo huvuliwa likiwa bado na kina cha kumvutia mnunuzi wa Afrika Mashariki. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usikakamae kwenye baridi kali; kinundu kikisukumwa kwa kidole gumba huinama, na vikato vyembamba kama vya wembe hufunguka. Kwenye lami iliyochomwa na jua, vinundu hivyo hucheza gari linapokata kona na kuisha upesi, na mvua ikinyesha gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama.

Maandishi ya ubavuni yangemwokoa mnunuzi. Katika 215/45R17 87W, kipimo cha Altezza nyingi, 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, 17 ni inchi za rimu, 87 ni uwezo wa kubeba kilo 545, na W ni mwendo wa juu wa kilomita 270 kwa saa, wakati tairi la theluji mara nyingi huwa na Q, yaani kilomita 160. Tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT, mfano 2319, husema kwamba tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayeteswa na mashimo na matuta anaweza kushuka hadi 205/55R16, mradi rimu ipite juu ya breki, kwa kuwa ubavu huongezeka kutoka milimita 97 hadi 113 huku kimo cha tairi zima kikibadilika kwa asilimia 1 tu.

Kwa gari la namna hii, tairi jipya la bei ya kati lenye alama ya mwendo ya V au W lina hoja yenye nguvu kuliko mtumba maarufu wa miaka minane. Shilingi ikiimarika huenda pengo la bei likapungua, ingawa VAT ya 18% itabaki kwenye tairi jipya, na ahadi za ukaguzi mkali bandarini zimesikika mara nyingi. Mfanyabiashara wa Gerezani sasa huandika mwaka wa tairi kwa chaki, lakini anasema wateja wengi bado huanza kwa kuuliza jina.