Nishati Safi Haihalalishi Dhulma ya Ardhi

Ulimwengu unahimizana kuachana na petroli na makaa ya mawe ili hewa isalimike. Nia hiyo ni njema, wala hatuipingi. Lakini nishati iitwayo safi nayo huhitaji ardhi, na ardhi ina wenyewe. Bagamoyo ni shahidi.

Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya SEKAB ya Sweden ilifika wilayani humo kutafuta mashamba ya miwa ya kutengenezea ethanoli, mafuta ya magari yatokanayo na mimea. Mwaka 2009 mradi ukahamia kwa Wasweden wengine, EcoEnergy. Eneo lililolengwa lilizidi hekta 20,000, sehemu kubwa ikiwa ranchi ya zamani ya RAZABA, iliyokuwa ya Serikali ya Zanzibar.

Katika makaratasi, ardhi ile ilikuwa ya Serikali. Lakini juu yake waliishi wakulima, na wafugaji wa Kibarbaig, kabila ambalo tangu miaka ya 1970 lilikwishapoteza malisho yake Hanang kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano. Waliposikia habari za kuhamishwa, walibaki njia panda: wajenge na kupanda, au wafunge mizigo?

Mwaka 2016 Serikali ilifuta mradi huo. Mwekezaji akashitaki, na mwaka 2022 baraza la usuluhishi la ICSID, lenye makao Washington, likaamuru alipwe fidia ya mamilioni ya dola. Basi tujiulize: mwenye hati alipata pa kudai, asiye na hati ataidai wapi miaka yake iliyopotea?

Wanazuoni huita ghasbu kuchukua mali ya mtu pasipo haki, na Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha hata kwa shubiri moja ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inataka fidia ikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahaulishwa.

Leo kinywe cha Mahenge na nikeli ya Kabanga vinatafutwa kwa betri za magari ya umeme. Swali ni lile lile: wenyeji wameridhia?

Kwa hiyo, enyi wazazi, hudhurieni mikutano mikuu ya vijiji, wake kwa waume. Ulizeni kabla ya kutia saini. Tafuteni hati za hakimiliki ya kimila, na majina ya wake zenu yaandikwemo. Na tunapomtetea mkulima, tusimsahau mfugaji jirani yetu, kwani haki yake ni amana juu yetu.

Wabillahi tawfiq.