Artesuneti Ilivyokawia Njiani

Mapokeo ya Ankole yasimulia kwamba mwaka 1520, pale Biharwe karibu na Mbarara ya leo, jeshi la Omukama Olimi wa Bunyoro lilikuwa likirejea na ng'ombe wa kuteka, jua likapatwa mchana, giza likatanda, na askari wakatimka wakiziacha nyara zao nyuma. Ishara moja ilitosha kuwakimbiza watu waliokwisha kushinda. Katika utabibu, walakini, ishara moja haitoshi kitu, hata iwe ya ajabu namna gani, kwa kuwa mgonjwa aliyepona baada ya kupewa dawa huenda angalipona bila ya kupewa, na aliyekufa huenda alifikishwa hospitali roho ikiwa imekwisha kufika kooni. Hapa ndipo unapoanzia ule ukawiaji unaolalamikiwa na wengi, hasa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako mtu husikia kwamba dawa njema imekwisha kupatikana ulimwenguni, asielewe kwa nini haimo katika kabati la zahanati.

Lalamiko hilo lina haki yake, nami napenda kulipima kwa artesuneti, dawa ya malaria kali, ambayo sehemu ya safari yake ilipitia Mbarara penyewe. Asili yake ni mmea wa Kichina, ambao Bibi Tu Youyou na wenzake walikipata kiini chake safi mwaka 1972. Kabla ya artesuneti, mtoto aliyeletwa hajitambui, mwili ukimtetemeka kwa degedege, alipewa kwinini, iliyobidi kuchanganywa na maji ya glukosi na kupitishwa kwa dripu muda wa saa nne, kisha ikarudiwa kila baada ya saa nane, maana ikiingia kwa haraka huudhuru moyo, na hata ikiingia taratibu huweza kuishusha sukari ya damu. Artesuneti ni kichupa cha unga: muuguzi hutia mililita moja ya bikaboneti ya sodiamu, hukitikisa hata dawa ikawa safi kama maji, huongeza mililita tano za maji ya chumvi, kisha huidunga mshipani kwa dakika chache. Aliyewahi kuwa zamu ya usiku katika wodi iliyojaa watoto haelezwi zaidi.

Mwaka 2005 ilidhihirika, kwa majaribio ya wagonjwa 1,461 katika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, kwamba waliotibiwa kwa kwinini walikufa 22 katika kila mia, na waliopewa artesuneti 15. Je, kwa nini Afrika haikuipokea mwaka ule ule? Kwa sababu wagonjwa wale wengi wao walikuwa watu wazima, ilhali huku kwetu aghalabu wafao kwa malaria ni watoto. Na kwa sababu artemeta, ndugu wa dawa hiyo, ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa watoto wa Kiafrika katika miaka ya 1990, isionyeshe kupunguza vifo kuliko kwinini. Basi kuanzia Oktoba 2005 hata Julai 2010 watoto 5,425 wa nchi tisa, Mbarara ikiwamo pamoja na Kilifi, Korogwe na Muheza, walipewa ama dawa hii ama ile kwa kura. Katika kundi la kwinini walifariki 297. Katika kundi la artesuneti, 230.

Tofauti ni watoto 67, na makundi yalikuwa takriban sawa kwa idadi. Hesabu hiyo haisomeki kwa moyo mwepesi, nami simlaumu aliyesema kwamba jaribio lile lingeepukwa. Walakini, katika miaka hiyo hiyo matabibu wa Mbale, Soroti, Kilifi na kwingineko walikuwa wakipima jambo lililofundishwa vitabuni kama la lazima, yaani kumtilia maji mengi mshipani kwa haraka mtoto mwenye homa ambaye damu yake imezorota mwilini. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kutimia, watoto wakiwa 3,141, kwa kuwa waliotiliwa maji hayo walikufa zaidi ya kumi katika mia ndani ya saa 48, na wasiotiliwa, saba na kitu. Baada ya hayo siwezi tena kuitegemea dhana njema ya tabibu peke yake, na miaka ile mitano ya artesuneti naihesabu kuwa ilizaa elimu.

Kuna ukawiaji mwingine usiozaa kitu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuitanguliza artesuneti mbele ya kwinini kwa watoto mwaka 2011, lakini palisalia bei yake iliyokuwa juu, kwinini iliyojaa maghalani, na wauguzi wa kufundishwa. Utajiri nao si kinga: Marekani haikuipa idhini kamili hata Mei 2020, na kabla ya hapo tabibu wa huko alilazimika kuiomba serikalini kama dawa ya majaribio.

Huku Uganda jaribio la dawa hupita kwa kamati ya maadili, kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na kila mlango una fomu zake. Mwaka 2022, Ebola ya aina ya Sudan ilipozuka Mubende, chanjo za majaribio ziliwasili Desemba, wagonjwa wakiwa wamekwisha. Maandalizi hayakutupwa. Maradhi yalipotangazwa tena Kampala tarehe 30 Januari 2025, jaribio lililoitwa TOKOMEZA SVD lilianza tarehe 3 Februari, na idhini zote zimo.

Idhini yenyewe haimalizi ulinzi. Artesuneti ilipokwisha kuenea, iligunduliwa kwa wasafiri waliotibiwa Ulaya kwamba damu ya baadhi yao hupungua siku saba au zaidi baada ya kuanza kutibiwa. Kwa hiyo mzazi aliyeruhusiwa kutoka wodini na aulize siku ya kumrudisha mtoto kupimwa damu, na siku hiyo ikifika ampeleke, hata akimwona anacheza.