Kujiandaa kwa Uvuvi wa Mafunguni, Shelisheli

Wapendao kuvua kwa chambo cha manyoya huvisifu sana visiwa vya Alphonse na St François katika nchi ya Shelisheli, yapata kilomita 400 kusini-magharibi ya Mahé. Safari yenyewe ni ghali. Kwa hiyo, msomaji, anza na kalenda kabla ya kwenda dukani kununua zana.

Kusi huvuma kwa nguvu tangu Mei hata Septemba, na mshipi mwepesi haushindani nayo. Chagua miezi ya baadaye, kisha utazame mwezi angani. Samaki atafutwaye zaidi huko, mwenye rangi ya fedha na mifupa mingi, hupanda fungu pamoja na maji yanayojaa ili afukue kaa na kamba; yakipwa, hurudi kilindini. Wakati wa bamvua maji huja mbio na kujaa mno. Wakati wa maji mafu husogea polepole. Muulize mwenyeji wako ni siku zipi zifaazo, ndipo ulipe nauli.

Ungali nyumbani, jizoeze kuurushia upepo mshipi hata upate shabaha ya mita 15. Kiongozi huelekeza kwa uso wa saa, jambo ambalo askari wamelizoea. Ila akitaja kumi na moja ya Kizungu, ndiyo saa tano yetu: samaki yu kushoto kidogo ya omo.

Chukua miwani ya kuondoa mng'aro wa maji, na viatu vigumu. Utembeapo buruta nyayo, kwani taa hujificha mchangani na mwiba wake una sumu. Samaki akidaka chambo, vuta mshipi kwa mkono. Ukiinua ufito atatema. Mfungue ndoana angali majini, umwachilie.